Kidole cha Kipketer Mshipani

Mbwa hufa maji hata akiona ufuko. Huyu alikuwa akizama juu ya meza ya daktari Mzungu wa mifugo, mjini Nakuru, mchana kweupe.

Alilala fofofo kwa etha, dawa ya usingizi. Daktari alikuwa amemdunga ganzi mgongoni, karibu na mkia, ili amuunge mguu uliovunjika. Kazi ya msaidizi wake, Kipketer, ilikuwa moja tu: kubonyeza kidole kwenye mshipa wa paja na kusema moyo ukilegea.

Moyo ulikuwa umelegea. Mshipa uliokuwa mnene kama kamba sasa ulikuwa uzi, na ufizi umegeuka rangi ya majivu.

“Moyo iko namna gani?” daktari aliuliza bila kuinua macho.

Mwezi uliopita, kule Elburgon, mwenye mbwa huyu alimwachilia amrarue mama yake Kipketer, eti kaokota kuni shambani mwake. Mama hajasimama tena.

“Iko sawa, bwana.”

Uzi ukapotea. Daktari aligusa kifua cha mbwa, akatupa mkasi, akamkaba Kipketer shati.

“Wewe ilijua! Bwana ya mbwa iko nje. Kwenda sema pole!”

Kipketer aliondoa kidole, akakipangusa polepole.

“Sisemi.”