Tope Jeupe

Wiki nzima mashine ya kung'arisha mawe ilinguruma stoo ikiwakosesha watu raha, na leo mume anaifungua, mawe yote yamefubaa, yamegandwa na tope jeupe.

Akafyonya. Aliyachagua mwenyewe, magumu ya kukwaruza kioo. Tope hili limetoka wapi?

Akalimwaga chooni kwa hasira, akafungua bomba anawe.

Mkewe akachungulia mlangoni. "La marehemu baba limeng'aa?"

"Lipi tena?"

"Lile jeupe alilonipa. Nililitumbukiza kwenye mashine kimyakimya, na lenyewe lipendeze kama yako."

Jiwe la chokaa, wiki nzima likisagwa na magumu.

Akafunga bomba haraka. Tope lililobaki lilikuwa kwenye kucha zake tu.

Mkewe akakinga kiganja. "Nipe nilione."