Chupa Nyuma ya Gurudumu

Mamluki mzungu aliisimamisha chupa yake ya bia nyuma ya gurudumu la teksi yetu, katikati ya mlima wa kutoka Ikoni kwenda Moroni.

"Kiwete haendeshi gari," alimwambia dereva wetu, Djoumoi. "Haya, ondoka. Chupa ikivunjika, gari tunalichukua sisi."

Nilikaa kando yake, mapajani nimepakata sinia la mkate wa bwana harusi lililofungwa kitambaa. Mguu wake wa kulia ulilala tu, mwembamba kama mkono wangu. Gari lenyewe lilikuwa la kawaida, bila kifaa chochote cha kumsaidia.

"Koko, shika sinia," alinong'ona; kwetu koko ni bibi.

Mguu mzima ukakanyaga klachi. Mkono mmoja ukavuta choki, ile ya kuwashia injini asubuhi, badala ya kukanyaga mafuta, injini ikanguruma. Mwingine ukaiachia breki ya mkono, taratibu, huku kiwiko kikibana usukani.

Akaiachia klachi, gari likapanda bila kurudi nyuma hata unywele.

Niligeuka. Chupa imesimama, mzungu ameinama anaitazama.

Kileleni Djoumoi alisimamisha gari.

Kwa desturi sinia la bwana harusi halifunguliwi njiani, na kipande cha kwanza ni chake. Hata hivyo nililifungua, nikamkatia Djoumoi kipande cha kwanza.