Hodi Nyumbani Kwake

Kibwana alisimama nje ya nyumba yake mwenyewe, shati limepigwa pasi, akabisha hodi. Kesho asubuhi alikuwa na usaili wa kazi ya stoo, wa kwanza tangu kiwanda chao kifungwe miaka miwili iliyopita.

"Karibu," aliitikia binti yake Mwanaisha, aliyejifanya bosi nyuma ya meza ya chakula. Lakini baba alipoingia tu, Mwanaisha alijikuta amesimama. "Shikamoo baba."

"Marahaba," alijibu Kibwana, akavuta kiti akakaa.

Wakatazamana, wakaangua kicheko.

"Bosi mwenyewe wa kesho ni rika langu," alisema Mwanaisha. "Usingoje shikamoo, wala usikae kabla hujakaribishwa."

"Haya, tuanze upya."

Mara ya nne, Mwanaisha alishikilia kiti kwa mikono miwili asiinuke.

"Habari za asubuhi, bosi."

"Nzuri. Karibu ukae. Tuambie, kazi unaijua?"

Kibwana alieleza jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika kule kiwandani, naye akiingia stoo gizani na kutoka na kifaa kilekile alichoagizwa, kwa kupapasa tu. Macho yalimng'aa. Mwanaisha hakuwahi kuyasikia hayo. Taratibu mikono yake ikaachia kiti, akasimama.

Kibwana hakuona. Alikuwa bado anapapasa hewani, rafu ya tatu, kushoto.