Pumzi ya Ngiri

Siku ya mbio walikuwepo Tembo, mkuu wa serikali; Fisi, mwenyekiti wa michezo; wakimbiaji watatu, Duma, Swala na Ngiri; na Mama Ngiri, aliyekuja kumtazama mwanawe.

Katikati ya mbio Swala alianguka, moyo ukimdunda. Ngiri alisimama akampepea kwa jani mpaka akapata nafuu. Duma akashinda.

“Mwanao alikuja kukimbia au kuuguza?” Fisi alimcheka Mama Ngiri.

Tembo alimnusa Swala mdomoni, akasikia harufu ya mzizi wa nguvu, dawa iliyokatazwa mbioni. “Sasa nitamnusa kila mkimbiaji,” alisema.

“Mheshimiwa, michezo ina wenyewe,” Fisi alisema. “Serikali ituachie.”

“Na huyu binti angekufa, ungemwambia nini mama yake? Duma, fungua mdomo.”

Duma alisema ana mgeni nyumbani, akaondoka bila kuaga. Akabaki Ngiri, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya majani na tope tu.

“Mshindi ni huyu,” Tembo alisema.

“Huyo ni wangu,” Mama Ngiri alimwambia Fisi. “Nimemzaa mimi.”

Tangu siku hiyo ngiri wote hukimbia mkia ukiwa juu.