Gigabaiti Moja

"Ongeza," alisema Eufrazia. "Kila picha iandikie kilobaiti thelathini na tano."

"Dada, picha hizi hazifiki hata ishirini," alisema Nasra.

"Andika thelathini na tano."

Tangu saa mbili asubuhi hakuna taarifa ya mvua iliyoingia kutoka mlimani. Ofisi yao ndogo ya Mazimbu ilitegemea mtu mmoja tu, Mzee Mikaeli, baba yake Eufrazia, aliyesoma kipimo cha mvua karibu na chanzo cha mto. Mvua ikinyesha, alituma kila nusu saa: namba, picha ya kipimo, na salamu. Kisha alizima simu kutunza chaji, hivyo kumpigia ilikuwa kazi bure. Miaka miwili hajawahi kuruka hata mara moja.

Sasa ilikuwa saa tano, na mvua haijakata.

"Hifadhidata imejaa," alisema Bwana Fidelis, mkuu wao, kutoka mlangoni. "Hii ya bure mwisho wake gigabaiti moja. Ikijaa inakataa taarifa mpya kimyakimya. Futeni za mwaka jana. Watu wa bondeni wanasubiri kujua kama wahame."

"Tumalize kuhesabu kwanza, bosi. Nakuomba."

Ukurasa wa kuonyesha nafasi iliyotumika ulikuwa umekwama tangu wiki iliyopita. Ilibidi wakadirie wenyewe.

Nasra alifungua taarifa moja, akacheka. "Mzee naye kwa maneno! 'Hamjambo huko, mihogo imeshika.' Salamu zake ndizo zimejaza."

"Eeh, ndizo," Eufrazia alidakia. "Maneno weka kilobaiti tatu. Faharasa ya kutafutia, mbili."

"Dada, tunatafuta nafasi au tunaikimbia?"

Eufrazia alijumlisha. Kilobaiti arobaini kwa kila taarifa. Taarifa elfu kumi na mbili.

"Hesabu tena," alisema.

Nasra alihesabu.

"Tena, mdogo wangu."

Mara ya tatu Nasra alipiga makofi. "Megabaiti mia nne na themanini! Hata nusu haijafika! Bosi, nafasi ipo tele, hatufuti kitu!"

Kisha akakumbuka: kama nafasi ipo, Mzee hajatuma kitu tangu saa mbili.

Bwana Fidelis alishika simu, akawaambia watu wa bondeni wahame sasa hivi. Eufrazia aliketi sakafuni, akaanza kumlilia baba yake.