Vizibo Uani kwa Kibibi

"Kizike popote, Mama," Abdurahim alisema, amefumba macho, ameupa ua mgongo. "Nitakipata."

Mwanasiti alikifukia kifuniko cha sufuria karibu na ukuta, akasawazisha udongo kwa unyayo. Mwanawe akavaa vifaa vya kusikilizia masikioni, akashika mashine yake ya kutafutia vyuma, mpini wenye sahani, na kuupitisha juu ya ardhi kama mtu afagiaye. Akapita kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Pale mlio ulipokuwa mkali kwa njia zote mbili, akachora alama kwa kidole cha mguu, akachimba. Kifuniko hicho!

"Sasa tuzidishe kina."

Walikizika kwenye shimo la kufika gotini, kisha la pajani. Mashine ikalia. Shimo lilipofika kiunoni, mashine ikanyamaza, na hapo ndipo Abdurahim alipotabasamu. Mwanasiti hakumwona. Alikuwa akichungulia nje, asije mtu akawakuta.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na Majengo nzima ilijua kazi ya mashine ile. Askari waliingia nayo nyumba kwa nyumba kutafuta bunduki zilizofukiwa, na aliyekutwa na bunduki alinyongwa. Sasa mwenye kuibeba alikuwa mtoto wa mtaa huohuo, aliyekula kwenye sinia za watu wote.

Bombani, wanawake walinyamaza Mwanasiti alipotua debe lake.

"Jamani, ficheni sindano zenu," mmoja akasema bila kumtazama. "Mama wa mashine kafika."

Wakacheka. Kibibi peke yake hakucheka. Alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na mumewe alikuwa kizuizini. Alimsaidia Mwanasiti kujitwisha debe, wakaongozana mpaka mlangoni.

"Usimwonee haya mwanao, dada," alisema kwa upole. "Kijana wako ana moyo."

Maneno hayo yalimchoma Mwanasiti kuliko kile kicheko. Bora angetukanwa.

Jioni Abdurahim aliomba nguo kuukuu ya kufutia mashine. Mwanasiti akampa kanga yake ya zambarau, iliyoungua pembeni kwa pasi ya makaa. Kesho yake kijana akaenda kumlimia Kibibi kitalu cha mchicha. Alichimba tangu asubuhi, akarudi na udongo mpaka kwenye nyusi.

"Alhamisi tunapekua kwa Bi Kibibi," alisema akinawa.

Mwanasiti aliweka mwiko chini. "Kwa Kibibi? Aliyekuuguza surua kama mwanawe? Leo unamlimia, kesho unampekua! Huna haya?"

"Heri niingie mimi, Mama, kuliko mwingine."

"Heri ungevunjika mguu."

Abdurahim aliinamisha kichwa, akaendelea kunawa.

Usiku kucha Mwanasiti alilifikiria jambo hilo. Kibibi hakuwa na cha kuficha, masikini, lakini aibu ya kupekuliwa na mtoto uliyemlea! Kulikuwa na njia moja tu. Mashine ikilia ovyo, yule mzungu mkubwa wa askari atamwona Abdurahim si lolote, atamfukuza kazi, na yeye Mwanasiti atateka maji tena kama mtu.

Siku ya Jumatano Kibibi alipokwenda sokoni, Mwanasiti alizoa vizibo vya soda nyuma ya hoteli ya Magan, akaongeza misumari yenye kutu. Akavipenyeza kimoja kimoja uani kwa Kibibi, kando ya choo, chini ya kamba ya nguo, na zaidi kwenye udongo laini wa mchicha.

Alhamisi ikafika. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Abdurahim alipitisha sahani, mashine ikalia. Wakachimba, kizibo. Ikalia tena. Msumari. Ikalia kila alipogeuka, jasho likimtiririka, na watu wakaanza kucheka. Mwanasiti alijificha uso kwa buibui, moyo ukimwambia: vumilia, yatakwisha leo.

Lakini mzungu hakucheka. Aliviweka vile vizibo kiganjani, akavitazama kwa muda mrefu.

"Hivi havikujizika," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Kuna mtu hataki mashine hii ifanye kazi. Weka mashine chini. Leteni majembe. Chimbeni ua wote mpaka mkute mwamba."

"Afande, hapa hamna kitu!" Abdurahim alisema. Sauti yake ilipasuka. "Nimepima mimi mwenyewe!"

Askari wakaanzia kwenye mchicha. Shimo lilifika gotini, likafika pajani. Kibibi alisogea kimyakimya, akaushika mkono wa Mwanasiti kama anayemfariji, na mkono wake ulikuwa baridi kama maji ya mtungi.

Lilipofika kiunoni, jembe likagonga kitu kigumu. Askari aliinama, akavuta juu furushi refu na zito, lililofungwa kwa kanga ya zambarau, imeungua pembeni.