Kuku wa Mama

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Aliendelea kupukuchua mahindi barazani, maana katika kanisa lao aliyejitoa ushirikani ni maiti, na maiti haisemeshwi. Yunisi, bintiye, aliijua sheria hiyo kabla hajajitoa. Aliwahi kuishika mwenyewe, kaka yake alipojitoa.

Kuku mmoja akasogea kudonoa punje. Mama akamkazia macho.

"Umekonda," akamwambia kuku. "Huko unakozurura hawakulishi?"

Yunisi akajibu yeye. "Ninakula, mama. Nimeolewa pia."

Mikono ya mama ikasita. Akalitazama tumbo la Yunisi, kisha akamrudia kuku. "Na hali hiyo usiwe unatembea juani."

Mara mzee wa kanisa akatokea njiani, Biblia kwapani. Mama akaokota gunzi akalirusha.

"Toka hapa. Umenichafulia uwanja."

Gunzi likampita kuku, likampata Yunisi begani.

Akaondoka bila kuaga. Alipofika kwenye kona akamsikia mama akimwita kuku arudi, anaita mpaka sauti inakwaruza. Yunisi akageuka. Kuku alikuwa palepale miguuni pa mama, anadonoa.